Shomari Ameacha Utani

Jumatatu, 2 Oktoba 1967
Hospitali tangu asubuhi. Daktari kanibonyeza tumbo, kaniambia nipumzike, nile vizuri. Kisha akamwita mke wangu Sikuzani pembeni — eti amweleze dawa. Dawa zenyewe vidonge vya aina moja! Nimerudi dukani Kanyenye, nikapinda suruali mbili. Nimechoka.

Jumatano, 4 Oktoba
Sikuzani amechinja kuku. Katikati ya wiki! Nikamuuliza mgeni ni nani. Akasema nile tu, nisiulize sana.

Ijumaa, 6 Oktoba
Baada ya swala amekuja Shomari wa reli. Mzaramo huyu ni mtani wangu mwaka wa kumi na nane. Kila akifika kibarazani hupiga kelele: Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu toka pwani mpaka Ujiji, vichwa vimekuwa bapa! Nami humjibu kwamba Wazaramo hawajamaliza ngoma, kazi wataanza lini? Hunivua kofia akaondoka nayo. Hata tulipomzika mama aliingia kaburini, akajilaza, akagoma kutoka mpaka nikampa shati langu jipya! Watu walicheka na machozi yanawatoka.

Leo kasema: "Pole sana, ndugu Twalibu. Mungu akupe nafuu." Akaketi. Akanisifia mishono. Kofia nilikuwa nimeivaa, hakuitazama.

Nilidhani amefiwa. Nikamuuliza. Akasema kwake wote wazima.

Ameshaondoka ndipo nikaelewa. Mgonjwa wa kupona hutaniwa. Sikuzani kamweleza Shomari alichoambiwa na daktari, na mimi mwenye tumbo sijaambiwa.

Naogopa. Na nimekasirika.

Jumamosi, 7 Oktoba
Nimemwita Shomari mimi mwenyewe. Nikaanza mimi: Mzaramo mvivu we, reli mngejenga ninyi, treni ingekuwa bado iko Pugu! Nikangoja.

"Kweli, ndugu yangu," akasema. "Umesema kweli."

Mzaramo amekubali! Nilitamani nimtupie mkasi. Nikamwambia: nitanie, bwana, bado nasikia. Akatoka kwenda uani kunawa uso.

Sikuzani yuko huko huko uani, anachemsha chai. Nawasikia wananong'ona. Wakiingia nitawauliza wote wawili kwa pamoja, asiwepo wa kumsingizia mwenzake. Nimewatandikia mkeka.

Sasa wamenyamaza. Wanakuja.