Shabani Ametaja Yote

Kwa Mama Zaina, mke wangu mpenzi, Handeni,

Assalaam alaikum. Mdogo wangu Shabani alizidi kudhoofika hospitalini hapa Korogwe, kwani kila nesi akimjulia hali alijibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Juzi nesi mmoja akaketi kando yake: "Mzee, Mungu umekwisha mshukuru. Sasa nitajie yote yanayokusumbua." Akataja mgongo, kukosa usingizi, uchovu na chakula kutopita. Nesi akatueleza kwamba hayo huandamana: maumivu hufukuza usingizi, na mwili usiolala haupokei chakula. Akampa dawa ya maumivu kabla ya kulala.

Leo Shabani amemaliza ugali na mlenda, akaitazama sahani yangu. "Kaka, kwani mgonjwa ni wewe? Isogeze huku!"

Nimeisogeza kwa furaha. Wape habari wenzetu wa shamba la ujamaa, nawe Mola akuhifadhi.

Mumeo