Shabani Asisubiri Chanjo

Mbagala, Dar es Salaam
Jumatano, baada ya kazi

Mama, shikamoo. Kifua kimepoa, au moshi wa kukausha kamba bado unakukohoza? Na goti la baba? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nimechoka hadi kalamu naiona nzito. Barua hii naomba akusomee dada Zaituni, mkiwa wawili tu. Sikupiga simu kwa sababu yako husikika kibaraza kizima, na kibaraza kizima hujibu.

Mama, nimekosea, na kosa langu linaweza kumwua Shabani.

Unakumbuka nilivyokupigia kwa furaha kwamba kuna chanjo ya unga wa kulevya? Nilikuwa nimetoka kuchapa maelezo ya daktari mgeni aliyezungumza nasi hapa kliniki. Niliona neno chanjo, nikakimbilia simu. Sikukwambia alichomalizia: bado inajaribiwa, na hakuna ajuaye kama itafaa wala lini. Nawe ukamwita mdogo wangu Shabani nyumbani alinde mpunga, ukisema watu wa chanjo watamkuta huko huko Maparoni, kama wanavyokuja na boti kuchanja watoto. Sikulaumu. Ndivyo chanjo zinavyotufikia sisi.

Hii haijafika hata kwa madaktari wetu. Na ikifika, alisema, itaifundisha damu kuukamata unga kabla haujapanda kichwani, mtu asilewe. Hamu haiondoi. Nilipowasimulia wagonjwa dirishani, Bi Tatu, anayekuja kunywa dawa kila asubuhi, alinikazia macho.

"We karani, na hiyo hamu mtaichanja wapi? Begani au makalioni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka. Kisha nikaona nyuma yake, pale anaposimamaga Shabani, kasimama mtu mwingine.

Leo ni siku ya nne hajanywa methadoni, ile dawa yake ya kila siku ya kutuliza hamu ya unga. Juzi muuguzi aliponiuliza, nilimjibu anaumwa tumbo. Leo nimemwambia kweli. Hakunifokea. Alisema tu, "Mrudishe, Omari. Upesi."

Basi nisikilize, mama. Akitokwa jasho na mafua, akihara, mifupa ikimuuma, si malaria wala mashetani. Mwili unadai dawa yake. Msimfungie ndani, msimsimange. Ninachoogopa zaidi ni aupate unga pale Kibiti, atumie kiasi kile cha zamani. Mwili haukiwezi tena. Pumzi inaweza kukatika. Asiachwe peke yake. Akilala mkamwamsha asiamke, mkimbizeni zahanati, msingoje kukuche.

Barua nimempa mjomba Athumani, anaondoka kesho alfajiri. Boti atakayorudi nayo Nyamisati, Shabani awemo, na mjomba asimwachie njiani mpaka Mbagala. Stendi nitakuwepo. Mpunga, mwaka huu ndege nao wale kidogo.

Baba mweleze taratibu, akishakula. Msalimie shangazi wa uduvi, na bibi mzaa baba, mwambie namwombea macho yake. Dada Zaituni, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Usilie mbele ya mama.

Kadi za walioacha dawa huwa nazihamishia kabati la chini, ndiyo kazi yangu. Ya Shabani ingali mezani. Siku ya saba itanibidi niihamishe kwa mkono wangu.

Mwanao aliyeropoka,
Omari