Tyuna ya Mbodze na Salamu za Mzee Godana

Nyuma ya Soko,
Garsen, Tana River.
14 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Mbodze,

Hujambo huko Muscat? Joto lenu limeanza? Na mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kuinamia meza ya kazi, umepona? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila goti linamkatalia kwenda shambani. Mke wangu Zipporah anauliza kama bado unasahau kula mchana. Mahindi ya ukingoni mwa mto yamefika kiunoni na viboko hawajayagundua.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ningesingizia mtandao nikakata. Hapa sina pa kukimbilia.

Ile tyuna uliyomtumia Mzee Godana ilifika Januari, na tangu siku hiyo sikuwa na raha. Unajua ni mimi niliyemtengenezea tyuna ya kwanza, miaka kumi na mmoja sasa, lile sanduku la kuoanisha redio yake ya mawasiliano na ule waya wa antena uliofungwa kwenye mti wa mkoma, ili nguvu itoke hewani isirudi kuiunguza redio. Langu ni la debe la mafuta ya kupikia, nimelipaka rangi ya buluu. Lako likaja dogo, jeusi, lina kidirisha chenye mshale. Mzee akalifunika kwa kitambaa alichofuma mkewe Nuria. Langu likatolewa uani, likawekewa mtungi wa maji juu.

Basi kila niendako ni Mbodze, Mbodze. Mwalimu Caleb wa Golbanti, anayezungumza na Mzee kila Jumamosi asubuhi, akasema sasa anamsikia kama wamekaa mkeka mmoja. Alisema hewani, Mbodze, watu wa Garissa na Mombasa wakisikia! Mimi niliyekufundisha kulehemu, ukiwa unaogopa hata moshi wa risasi, sikutajwa. Nilinuna wiki mbili. Zipporah akanitania kwamba hiyo tyuna imenitunisha mashavu. Sikucheka. Nilikuonea kijicho, na sina jina jingine la kukipa.

Februari tyuna ikaungua. Mzee akaileta kwenye kibanda changu cha ufundi, wateja wakiwa wamejaa, akauliza kwa Kiswahili chake cha malishoni unachokijua, ambacho 'ana', 'ina' na 'una' zote huwa 'na' tu:

"Iha, hii sanduku ya dada yako natoa moshi. Gani mbaya?"

Nikaifungua. Wewe unajua mimi nikipima tyuna sianzi na mshale. Natazama kwanza nafasi kati ya sahani za kapasita, kama cheche itaruka au haitaruka. Navuta waya wa koili kwa ukucha. Nazungusha kitasa nikisikiliza kama kinakwaruza. Sahani zako zilikuwa safi. Kitasa kilizunguka kama kimetiwa samli. Na ncha za waya zilikuwa zimekunjwa mara mbili kabla ya kulehemiwa, vile vile nilivyokufundisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba hukuinunua dukani, uliiunda kwa mkono wako. Kilichoharibika ni koili tu, imeyeyusha plastiki iliyozungushiwa.

Ningesema hivyo, yangeisha. Badala yake nilisema kwa sauti, "Mng'aro wa nje tu huu, ndani takataka." Watu wakacheka. Jumamosi iliyofuata Mzee akayarudia maneno yangu hewani kwa masikitiko, na sifa zako zote zikageuka. Nikafurahi mpaka Jumapili.

Sasa nikwambie ubaya wenyewe. Tyuna yako iliuawa na salamu. Mzee akibonyeza maiki haiachii mpaka aulize nyumba, watoto, ng'ombe, ndama, maziwa, malisho, mvua ya Hola na mvua ya Ndera. Hata akiwa na neno moja tu la kusema, salamu ni dakika tano na kidole hakibanduki. Debe langu lina koili nene kwa sababu nililipimia salamu hizo. Yako ilikuja na karatasi ya Kiingereza, na kwa kuwa Mzee ana mtoto wa jicho, alinipa nimsomee. Mstari wa juu kabisa ulisema asibonyeze zaidi ya dakika moja, aiache ipoe kwanza. Niliuona. Nikaikunja karatasi nikamwambia, "Ni maneno ya kiwandani tu, Mzee." Sikusahau wala sikupitiwa. Nilitaka iungue.

Lakini masika yanakaribia. Unakumbuka mafuriko yale minara ya simu ilipozimika, ni redio ya Mzee iliyowaitia watu wa Golbanti mashua. Na debe langu, kwa kukaa chini ya mtungi, limeliwa na kutu hadi ndani. Nililitazama nikaogopa. Nikasuka koili mpya ya waya mnene, nikaizungushia kwenye ubao niliouchemsha katika nta, nikaifunga ndani ya tyuna yako.

Jumamosi iliyopita niliipeleka. Mzee alipomaliza salamu zote nikainusa tyuna, haina moshi. Nikamwomba asiachie maiki, nikasema yote mbele ya Caleb na kila aliyekuwa akisikiliza. Mzee hakufoka. Aliingiza mkono chini ya redio akatoa karatasi yako.

"Leo soma yote," akasema.

Nikasoma nikitafsiri mpaka mwisho. Nikaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wako wa kalamu ya risasi, ambao sikuwahi kuuona kwa sababu siku ile nilikomea mstari wa kwanza. Nikausoma kwa sauti, kidole cha Mzee kikiwa bado kwenye maiki: "Kaka Iha, koili ya unene ninaoutaka sikuipata huku. Salamu za Mzee unazijua wewe. Mfungie ya kwako kabla hajaiwasha, maana bila mkono wako haijakamilika."

Mzee akanitazama.

"Dada yako nakuita kazini," akasema, "wewe nanuna."

Nisamehe, Mbodze. Jina lako nimelisafisha, lakini siku zile ulizosemwa siwezi kukurudishia.

Mama na Zipporah wanakusalimu sana, na shangazi Kadii anasema ukija mlete yule mwenzako wa chumba, Nasteha, tumwone. Mungu akutunzie macho na mikono. Na nisikudanganye kwamba kijicho kimeisha: Caleb alipotushukuru hewani alianza na jina lako, nami nikasikia mashavu yakianza kutuna tena.

Kaka yako akupendaye hata akinuna,
Iha