Mkanda Alikufa Ameshiba

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamume, anajulikana kama Fundi Sponji, miaka 54, mgane
Kazi: kushona na kujaza masofa
Makazi: nyumba inayopakana ukuta na duka la nafaka
Yameandikwa na: koplo wa zamu, Ijumaa tarehe 12, saa kumi na robo alasiri

Mimi ndiye mlalamikaji niliyefika kituoni hapa jana asubuhi na kusema kwamba chatu wangu ameuawa kwa sumu na jirani yangu muuza nafaka, ambaye sote tunamwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake. Kwa maneno yangu hayo jirani alikamatwa dukani mbele ya wateja na amelala mahabusu. Nimerudi kwa hiari yangu kusema kwamba hakumuua. Naomba hilo liandikwe kwanza, maana yanayofuata yananipa tabu kuyasema.

Chatu huyo aliitwa Mkanda. Alikuwa wa marehemu mke wangu, aliyekuwa mhudumu wa maabara ya shule. Maabara ilipofungwa walitaka kumtupa, mke wangu akamleta nyumbani kwenye mfuko wa sweta, mwembamba kama mkanda wa suruali ya mtoto. Kibali cha kumfuga tunacho. Hatukujaliwa mtoto. Mama yake akija kututembelea, mke wangu alikuwa akimwita, "Mama, njoo umsalimie mjukuu wako," naye mama anajibu kutoka ukumbini, "Mjukuu asiye na mabega nitambebaje?" Tulicheka sana nyumba ile.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama mkwe alikuja msibani na hakuondoka, nami sikutaka aondoke. Tukabaki watu wawili na nyoka. Jioni nilikuwa namtoa Mkanda kwenye sanduku lake la kioo na kumweka mabegani, kama mke wangu alivyozoea, na nasema bila haya mbele ya afande kwamba nilikuwa naongea naye. Mama hakuwahi kuingia chumba alimokaa Mkanda. Alisimama mlangoni na kuuliza, "Amelala?" Nikimwambia amelala, anakwenda zake.

Wiki hii nilikuwa na kazi ya masofa ya ukumbi wa mikutano. Nilirudi nimechoka kila siku, nikampungia mkono tu kupitia kioo. Sikumtoa hata jioni moja, na hilo linaniuma.

Mnamo Alhamisi tarehe 11, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilimkuta Mkanda amelala chali, mdomo wazi. Nilimwinua, akaning'inia mikononi mwangu. Jirani alikwishaniambia mara nyingi kwamba siku moja atamfanya nyoka yule kamba ya kufungia magunia, na Jumatatu nilimwona kwa macho yangu akimwaga sumu ya panya dukani kwake, yale mapunje ya bluu. Sikuuliza mtu. Nilikuja hapa mbio. Hasira hasara, na hasara ya hasira yangu ameilalia mwenzangu sakafuni.

Leo saa nne asubuhi daktari wa mifugo alimpasua Mkanda mbele yangu. Tumboni mlikuwa na panya aliyeanza kuyeyuka, na tumboni mwa panya mlikuwa na mapunje ya bluu.

"Fundi, huyu panya ulimtoa wapi?" daktari aliniuliza.

Nilimjibu kwamba mimi humpa panya weupe tu, waliogandishwa, ninaowanunua kwa mfugaji. Mama hunung'unika kila siku kwamba friji yangu ni mochwari. Huyu alikuwa panya wa kijivu, wa majumbani. Na sanduku lina kufuli. Ufunguo unaning'inia jikoni, na tunaoujua ni wawili.

Nilifika nyumbani saa saba nikiwa nimejiandaa kumuuliza. Mama akanitangulia. Aliniwekea chakula, akaketi upande wa pili wa meza, akasema, "Usijitese, mwanangu. Angalau alikufa ameshiba."

"Ameshiba nini, mama?"

Akanieleza kwamba Jumanne, nikiwa kazini, panya alitokea jikoni akiyumba kama mlevi. Alimpiga kwa kandambili mara moja tu. Akamtazama pale chini, akamkumbuka binti yake na utani wao. Basi akachukua ufunguo, akaingia chumba kile kwa mara ya kwanza, akafungua, akafumba macho na kunyoosha mkono.

"Alimpokea taratibu, hakunidhuru hata kidogo," alisema. "Nikamwambia, kula mjukuu wangu, leo bibi yako nimekuja. Miaka yote ile nilimwogopa bure."

Alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Tangu tumzike binti yake sijamwona akitabasamu hivyo. Nilimwambia, "Ulifanya vizuri, mama." Kisha nikala chakula chote alichoniwekea.

Jirani aliweka sumu ndani ya duka lake, kwa ajili ya panya wake, kama afanyavyo muuza nafaka yeyote. Panya ndiye aliyevuka ukuta. Ulimi hauna mfupa, na wangu umemlaza mtu rumande. Nafuta lalamiko langu, na nitamwomba jirani radhi palepale dukani, wateja wakisikia.

Afande ameniuliza kama mama aitwe kuthibitisha. Naomba sana asiitwe. Ana miaka sabini na sita na mtoto wake alikuwa huyo mmoja. Bado anaamini aliyemuua Mkanda ni jirani, na sijui nitamwambia nini jioni hii.

Nimesomewa yote niliyosema. Ni maneno yangu, nami nayawekea sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA OFISA: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Mama mkwe wa shahidi hataitwa. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja na dakika tano. Alitoka akitufokea kuhusu duka lake, lakini alipoelezwa sababu aliketi kwenye benchi. Aliuliza kama bibi anajua. Alipojibiwa kwamba hajui, alivaa viatu vyake, akamwambia shahidi jambo kwa sauti ya chini hata ikabidi nimwombe alirudie ndipo niliandike: "Basi mwache aendelee kunilaumu mimi. Akinipita bila salamu, nitamwamkia hivyo hivyo." Wameondoka pamoja.