Nyemo Atavuka Mwenyewe

Jumatatu, 6 Machi 1995
Madaftari ya Kidato cha Pili, nimesahihisha nusu. Wali umeungua. Lakini sura ya kumi na moja ya riwaya yangu imekwisha, na hilo ndilo la maana. Nyemo wangu sasa ana miaka kumi na saba. Utotoni alimezwa na joka la korongo, likamtapika, na tangu hapo akisikia maji yanakuja anaganda. Masima anampenda. Mimi pia nampenda Masima, sijifichi. Kijana asiyejua maneno matamu.

Alhamisi, 9 Machi
Nimetoka kwa Bwana Athumani, anayechapa vitabu hapa Chang'ombe tangu biashara ziachiwe huru. Hadithi ameipenda. Ila. Anataka Masima ambebe Nyemo mgongoni, amvushe korongo, ambusu, na hofu iishe palepale. Harusi sura ya mwisho. Eti vijana wa leo wanataka mapenzi, si majonzi. La sivyo hachapi. Nilitamani kumrushia kikombe. Nikaaga kwa adabu.

Jumamosi, 11 Machi
Hasira bado. Anajua nini huyu? Mimi ndiye niliyekuwepo Mpwapwa siku maji yalipoteremka kutoka milimani. Jua linawaka, korongo kavu, sisi watoto tunafukua mchanga tuchote maji. Mdogo wangu Yohana akachukuliwa. Nimeshapendwa tangu siku ile, tena vizuri. Hofu haikuondoka. Mapenzi si mizizi ya kuchemsha ukanywa ukapona.
Lakini nataka kitabu kitoke. Nakitaka mno. Nimeuandika mwisho anaoutaka yeye. Kinyaa kitupu.

Jumanne, 14 Machi
Nimewasomea wasichana wa bweni mwisho wa Bwana Athumani. Vigelegele! Nikanyong'onyea. Kumbe mzee yuko sahihi. Mara Rehema, yule mwenye maneno, akaguna: "Kwa hiyo mwalimu, asiyepata mchumba ndiyo basi tena?" Vigelegele vikazima. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Msichana mmoja wa kijiji cha Busi, mkimya siku zote, akasema Masima amekosea, hakumuuliza Nyemo kama anataka kubebwa. Loo! Nilitaka kumkumbatia. Nimeuchana ule mwisho vipande vipande.

Ijumaa, 17 Machi
Nimeshinda! Nimeshinda!
Nilimwalika Bwana Athumani darasani, nikasoma mwisho wangu mbele yake na wasichana wote. Nyemo anajaribu kuvuka, anarudi. Anajaribu tena, anarudi, anamtukana Masima bure. Masima habebi mtu. Anakaa mchangani, anasubiri, anakiri kwamba hata yeye joka analiogopa. Mara ya tatu Nyemo anavuka. Anatetemeka, analia, anavuka. Joka bado lipo. Ndipo anamshika kijana mkono, kwa kutaka kwake.
Nikafunga daftari, macho chini. Nikajua nimekwisha. Halafu madawati yakaanza kugongwa. Wasichana wamesimama, wengine wanalia huku wanacheka, wanaliita jina la Nyemo kama yuko mlangoni. Bwana Athumani akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Akasema, "Mwalimu, umeniweza. Tunachapa hivyohivyo."
Nimerudi nyumbani naimba njiani. Watu wananitazama. Wanitazame! Leo nina njaa ya kumaliza mbuzi mzima.

Jumapili, 2 Julai
Mpwapwa, kwa Mama. Upepo baridi. Kitabu kimetoka, jalada la kijani, kinanukia wino. Mama hajui kusoma, nikamsomea jikoni akipeta uwele. Nilipofika pale korongoni akaacha kupeta. Nikamaliza. Akaniomba nirudie pale Nyemo anapotetemeka. Nikarudia. Akaomba tena.
Kisha akasema hata yeye hutetemeka hivyohivyo, kila masika, mpaka leo. Hajawahi kuniambia. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu. Nikasogeza kigoda karibu yake, nikachukua ungo wa pili.