Barua Chini ya Mulango wa Kasha

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo nimepewa kazi kubwa! Chadia, mutoto wa marehemu kaka yangu Tambwe, ananihitaji. Mimi! Yeye mwenye diplôme ya informatique, mambo ya kompyuta, mimi mwenye kuacha shule mwaka wa pili secondaire — mwalimu alikuwa anaogopa maulizo yangu.

Chadia iko kwenye kazi ya majaribio. Kampuni moja imetengeneza chombo. Mashine yenye akili, wao wanaiita agent, inatumia hicho chombo kwenda kuuliza mashine zingine kwa internet na kurudi na jibu. Chadia anaandika maelezo ya kukitumia, kwa Kiswahili. Nikauliza, nani atasoma? Akasema: agent mwenyewe, tonton (ndivyo ananiita). Mutu hapana.

Basi mimi ni wa kwanza Bukavu nzima kuandikia mashine!

Jumamosi wakubwa wa kampuni wanajaribu. Ikienda vizuri, kazi inakuwa yake kabisa. Shemeji Asumini, mama yake, amefunga saumu leo kwa ajili hiyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemufundisha Chadia yote. Nilikuwa planton miaka kumi na moja, kupeleka barua za ofisi toka Muhumba mpaka Bagira kwa miguu. Posta yenyewe iliniogopa! Kwa hiyo hii HTTP yao, namna mashine zinaulizana, naijua zamani. Kwenda kuuliza, ni GET. Kumupelekea mwenyewe kitu, ni POST. Na mulangoni unapewa namba. 200: jibu hili hapa. 404: unachotafuta hapa hakiko. Mulango ukinyamaza sekunde makumi tatu, unarudi. Sekunde makumi tatu! Mimi nilikuwa nangoja mpaka kuku wa nyumba wananizoea.

Chadia anacheka, anaandika. Eti ningekuwa professeur. Nimesema najua.

Akauliza amri kubwa ya planton ilikuwa gani. Nikajibu bila kufikiri: usirudi bila jibu. Ameiweka juu kabisa, herufi nzito. Maneno yangu! Kitabu changu cha kusaini hakikukosa saini hata moja.

(Zingine nilisaini mwenyewe. Lakini kwa mwandiko tofauti.)

Alhamisi, 10 Oktoba

Mambo mabaya. Chadia amejaribu. Akauliza agent: bateau ya kesho, meli ya Goma, inatoka saa ngapi? Chombo kikaenda, kikapata 404. Lakini agent akajibu: saa moja na nusu asubuhi, mufike mapema na carte d'identité. Na adabu zote! Saa hiyo haikuandikwa popote. Akarudia mara tano — uongo tano, kila moja muzuri kuliko ingine.

Mutoto karibu kulia. Kwa nini inadanganya, tonton? Shemeji akajibu toka jikoni: hiyo mashine iko ukoo moja na tonton yako Djafari, muulize kama nayo haijaona mamba wake. Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuchelewa.

Mimi najua kwa nini. Haidanganyi kwa ubaya. Imekatazwa kurudi bila jibu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kisha sala sikubaki kupiga hadithi na wenzangu. Nimetembea mpaka Nyawera, nikarudi.

Acha niandike, hapa hakuna musomaji. Tambwe, bado kijana, alinituma na barua kwa Asumini, kwao mtaa wa Kasha. Alikuwa anauliza kama anaweza kuja na wazee kumuposa. Nikakuta mulango umefungwa. Jirani akasema wote wako Uvira, kwenye matanga. Nikapitisha barua chini ya mulango. Njiani nikaona sura ya kaka yangu vile itaanguka. Sikuweza. Nikamwambia: amesoma mbele yangu, amecheka, amesema uje Jumapili. Hata sauti yake niliiga!

Asumini alirudi Jumamosi, akaokota barua. Bado anafikiria jibu, Jumapili asubuhi Tambwe huyu hapa, wazee wawili, shati mupya, anaingia kama mwenye nyumba. Mpaka leo anasema: wangu hakungoja jibu, ndiyo nilimupendea. Ushujaa ule! Na Tambwe amekufa akijua kwamba aliitwa.

Kila mara walipoanza kuongelea ile siku, nilikatia na hadithi ya mamba aliyenifukuza mtoni Kawa. Kawa! Hata chura wa maana hakuna. Miaka makumi tatu mamba huyo ananichungia mulango.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi nimemwambia Chadia afute amri yangu. Nikamutajia ingine: "Ukipata 404, ao mulango ukinyamaza, rudi useme hivyo. Kurudi bila jibu nayo ni kazi. Usitunge." Akasema iko nzuri, lakini agent inaelewa zaidi kwa mufano. Nipe mufano, tonton.

Nikampa. Bila majina. Planton moja, barua moja, mulango wa Kasha, wenyewe wako Uvira. Planton aseme nini akirudi? "Sikuwakuta. Barua nimeiacha chini ya mulango."

Akauliza tena ile bateau. Agent akajibu: sikupata, ukurasa wa ratiba haupatikani, ulizeni bandarini. Chadia akaruka! Akanishika shingo, nusura nianguke na kiti. Wakubwa wanaanza saa nane.

Kwa furaha akamusomea mama yake ule mufano, kwa sauti. Shemeji alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Mikono ikasimama.

— Soma tena pale pa mulango.

Chadia akasoma. Kasha. Uvira. Chini ya mulango.

Shemeji akaniangalia. Mamba hakuja.

— Shemeji Djafari. Ile Jumapili, Tambwe alikuja akiwa ameambiwa nini?

Nimesema narudi sasa hivi, naenda kununua unités za simu. Sijafika mbali. Niko kwa ngazi, cahier hii ninayoandikia kwenye magoti. Chadia anaita: tonton, wameingia, kuja uone! Shemeji haniiti. Namuona kwa dirisha. Amesogeza lengalenga pembeni, amevuta kiti ya pili mbele yake, anangoja jibu. Sekunde makumi tatu zimepita zamani. Hatoki.