Kila mtu na mti wake

We, usinicheke. Leo nimeharibu.

Si unajua lile zoezi langu msituni, kila kijana anakaa na mti wake, kimya, macho kafumba, mpaka nipige filimbi? Leo sikupiga.

Nikawanyatisha wengine tukajificha vichakani, tukamwacha Komando peke yake, yule binti mbabe wa mtaani kwao. Tulitaka tusikie mayowe akijikuta yuko peke yake.

Mayowe wapi. Akaanza kuongea na mti. Na mti, wewe. Anauambia, "Hapa tu ndipo sipigwi."

Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, yaani nilicheka kabla sijaelewa.

Akafumbua macho, akanitazama mimi tu. "Mwalimu, hata wewe?"

Sasa tuko kwenye basi, wanamwigiza kwa zamu. Nimewaambia wanyamaze.

Wakanijibu, "Mwalimu, si wewe ndiye uliyetuita tukasikilize?"